Wino Umebaki Kidogo

Amakobe huja saa kumi na robo,
sweta ya shule kaifunga kiunoni,
sarafu ya shilingi ishirini ngumini, ina joto.
Kompyuta ya tatu ndiyo yake, ile ya dirishani,
ambayo herufi M imefutika kwa maombi ya kazi.
Mimi nachapa wasifu wa watu, natoa fomu za kodi,
na pembeni nasikia kipanya chake, kwaru, kwaru,
kama kuku anayechakura.

Mchezo wenyewe ni huu: viumbe wadogo wa buluu,
mviringo, hawana shingo, hivyo hawageuki.
Mlango ukifunguka hutoka mmoja mmoja,
huenda mbele, mbele tu,
hata mbele ikiwa shimo.
Huwashiki. Huwaiti.
Ulichoruhusiwa ni kuchora mstari,
nao wataukanyaga wakidhani ni dunia.

Na wino hupimwa.

Mwanzoni alichora madaraja manene, ya kitajiri,
wino ukamwishia katikati ya bonde.
Tukawasikia wakidondoka, nane, tisa,
punje za mahindi ndani ya karai.
Siku hizi ana ubahili wa muuza omena:
mteremko mfupi hapa, nukta pale,
na kidole kinatetemeka.

Hatua ya thelathini na moja imemkataa wiki nzima.
"Dada Ayuma, hawa hawataki kupanda."
"Si wao. Mkono wako una haraka."
Namwambia mimi, niliyetembea mbele tu
kutoka dawati la shule hadi kiti hiki
chenye sponji iliyochungulia nje,
hapa Luanda, mkabala na duka la dawa,
nisijue ni nani aliyeshika kalamu.

Jana mvua ilianzia upande wa Maseno.
Stima ikaenda.
Skrini ikawameza wote, pamoja na wawili
waliokuwa wamebakiza hatua moja kufika.
Amakobe alibaki gizani, kipanya mkononi,
akiendelea kuchora.

Mvua ilipokatika tulitoka nje.
Taa ya sola ya duka la dawa ilikuwa inachemka kumbikumbi.
Walianguka, wakatua mbawa zao
kama mtu anayetua mzigo mlangoni,
wakashika njia wawili wawili,
jike mbele, dume nyuma,
shingo wanazo, lakini hawakugeuka.

Nyanya yake, Rasoa, akaja na sufuria
akaizika ardhini mpaka mdomoni.
"Wachoree njia," akasema.
"Si wewe ndiye fundi wa mistari?"

Akaokota waya wa mwavuli uliovunjika,
akachana tope: mfereji mwembamba, kona moja.
Wakaingia.
Alipopinda, wakapinda.
Sijamwona mtoto akitiiwa namna ile.
Wakamiminika sufuriani, chwa, chwa, chwa,
na Rasoa anacheka, anataja chumvi,
anataja ugali wa wimbi.

Ndipo Amakobe akasimama.
Akautazama mstari wake, mwisho wake.
Kisha, kama anayejikuna mguu tu,
akatoa tawi dogo kando ya mfereji,
jembamba kama uzi,
likapita pembeni ya sufuria
hadi chini ya ua, kwenye udongo uliolegea.

Nyanya aliona. Nyanya huona.
"Hiyo yako imekwenda upande."
"Wino umeisha, nyanya," akasema,
wala hakuna aliyemuuliza wino gani.

Jozi mbili zilifuata tawi. Labda tatu.
Giza lilikuwa jingi.

Waliosalia tuliwakaanga palepale kwenye jiko la makaa,
na tuliwala, sisemi uongo, na yeye alikula.
Langu nilifungiwa katika karatasi
ya wasifu nilioukosea asubuhi,
mafuta yakatambaa polepole
juu ya jina la mtu, juu ya shule zake,
yakafika palipoandikwa *Malengo yangu*
na hapo pakang'aa, ukaweza kuona upande wa pili.