Urefu wa Mkate Mmoja

Tanuri lilipomeza miwani yangu ya tatu
niliduwaa mdomoni mwake, donge la unga kiganjani,
nikisikia kioo kikilia makaani, tik,
kama punje ya mahindi.
Guram akacheka. Kisha akanitazama, akaacha kucheka.
"Nanuli," akasema, "siku moja utafuata wewe."

Nimeivaa tangu darasa la pili.
Mvuke wa mikate uliiziba kila alfajiri,
mvua ya Kutaisi iliitia madoa,
na kila jirani aliyekuja kununua shoti mbili za moto
alinikuta naifuta kwa ncha ya aproni,
nikiuuliza ukungu: nani wewe?
Wanasema macho hayana pazia.
Yangu yalikuwa na mlango, bawaba mbili,
na skrubu isiyokaa.

Basi nikapanda treni kwenda Tbilisi,
akiba ya majira matatu ya baridi nimeishonea kwenye bitana ya koti.
Daktari Chikvaidze ana sauti ya mtu anayepima chumvi:
"Tunatoa lenzi uliyozaliwa nayo, tunaweka nyingine.
Robo saa kwa kila jicho. Utaona mbali.
Gazeti utalisoma kwa sentimita arubaini."
Nikatia sahihi karatasi sita, pua ikigusa wino.

Uchungu haukuwapo. Palikuwa na maji,
baridi, kope zimeshikwa wazi kwa kibanio,
na taa tatu juu yangu zikiyeyuka kuwa moja.
Kitu kililia ndani ya fuvu, chembamba kama mbu,
kikiivunja lenzi ya Nanuli mdogo,
ile iliyomwona mama akiwa na nywele nyeusi,
kikaifyonza.
Nilitaka kuuliza: mnaipeleka wapi?
Lakini nilikuwa nimekatazwa kusema.
Mpya ikaingia imekunjwa kama barua,
ikajikunjua yenyewe, taratibu,
bila kuwa na neno lolote ndani.

Wiki nzima niliishi na macho ya watu wawili.
Nikifumba la kulia, unga ni samli.
Nikifumba la kushoto, unga ni chumvi.
Ukuta wa duka, niliodhani una rangi ya krimu,
ulikuwa mweupe wenye masizi.
Wateja walijua. Miaka yote walijua,
wakanunua mkate, wakanyamaza.
Nikapanda ngazi na ndoo, nikausugua mpaka usiku wa manane.

Sasa yote mawili ni mapya.
Ng'ambo ya mto Rioni mwanamke anaanika shuka
nami nahesabu vibanio vyake: kumi na vinne.
Usiku kila taa ya gari imevaa pete.
Kiooni yupo bibi mmoja ambaye sikuwa nimetambulishwa kwake.
Na mkono, mkaidi huu, bado unapanda
kusukuma miwani isiyokuwapo;
nashinda na alama ya unga juu ya pua.

Ila kuna jambo ambalo karatasi sita hazikulisema.
Zamani nilipoivua usiku na kuiweka dirishani,
dunia yote ilifutika, ikabaki shubiri moja tu,
na ndani ya shubiri hiyo nilikuwa naona kuliko mwewe:
kovu la tawi la mparachichi juu ya nyusi za Guram,
ukope ulioanguka shavuni,
vinyweleo vikisimama nikipumua.
Miaka thelathini na mmoja nimemsoma hivyo,
herufi kwa herufi, pua kwa pua.

Jana nilimsogelea, akayeyuka.
Harufu ni yeye, chachu na sabuni ya kufulia,
lakini uso ulikuwa uji.
"Rudi nyuma," akasema. "Kidogo tena. Tena."
Akanyoosha mkono, akapima hewa kwa jicho la mwokaji:
"Hapo. Shoti moja kamili."

Na kweli, hapo akatokea mzima, masikio na yote,
mzee kuliko yule niliyeagana naye wiki ile,
akinitazama kama mtu anayesubiri chenji.

Nimeoka mikate maisha yangu yote.
Sijawahi kulala na mmoja katikati.