Nikumbushe Kesho

Kila asubuhi, kabla birika halijachemka,
kijisanduku cha buluu huchomoza pembeni mwa skrini:
Toleo jipya liko tayari. Sakinisha sasa?
Nami kila asubuhi hubonyeza palepale,
nikumbushe kesho,
kama mdaiwa anayemjua mdai wake kwa mlio wa viatu.

Miaka kumi na mmoja sasa.
Kompyuta hii niliinunua kwa mkopo
mwaka ule bomba la joto lilipopasuka mtaani
tukalala na makoti.
Inanguruma kama paka mzee mwenye pumu,
lakini inachora:
lebo za asali, za jibini la kisibiti, za matango ya siki,
mara mojamoja tangazo la mazishi
lenye majani ya mwaloni pembezoni.
Programu yenyewe ni kongwe zaidi,
niliihamisha kutoka mashine iliyokufa.
Kikatio cha stika kinamsikiliza huyu tu.
Mwingine akikiamuru, kinakata hewa.

Renārs, mtoto wa dada yangu, anasema:
Shangazi, programu yako nusura inizidi umri.
Anasema hilo jipya lina vivuli vinavyojichora,
kadi ya picha itapumua, rangi zitaamka.
Kipya kinyemi, namjibu, ingawa kidonda.
Anacheka. Hajapata kuugua.

Dzidra wa Liepāja alikubali, Jumatatu moja,
kwa furaha ya mtu aliyetoka kunyolewa.
Jumanne kijani chake kilikuwa maji ya bwawa.
Fonti zake za zamani ziligoma kufunguka,
na ile ģ yetu, yenye alama juu kama unyoya,
ilitoka kipara,
jina la mteja likasomeka la mtu mwingine.
Wiki tatu alinipigia simu usiku.
Sikumwambia nimekuonya, maana sikuwa nimemwonya.
Nilinyamaza tu, nikaukunja vizuri mbachao wangu
nikaukalia.

Lakini jana Vizma mfuga nyuki kaniletea faili.
Binti yake kalichora huko Dublin, kwa toleo la juu.
Nikabofya. Skrini ikanijibu kwa adabu
kwamba faili hili limetengenezwa mbele yangu,
kana kwamba yule binti anaishi mwakani
na mimi ndiye jana.

Nikaomba picha iliyochapwa.
Nikaigiza kwa jicho, mstari kwa mstari,
hadi saa nane za usiku,
nikagundua nyuki wake ana miguu minne.
Nikamwongezea miwili.
Hakuna toleo lililomwambia.

Nilijiona bingwa, dakika kumi hivi.
Kisha nikapiga hesabu:
usiku mzima, kwa lebo ya senti nane.

Leo nimenunua diski ya nje, ndogo kama pakiti ya sigara,
ninanakili kila kitu:
folda iitwayo Mpya, na Mpya Kabisa,
na Ya Mwisho, na Ya Mwisho Hii Hapa,
na mwaloni wa mazishi ya mama, ambao sijaufungua tena.
Asilimia tisini na nane. Imekwama hapo tangu adhuhuri,
au inajifikiria.
Renārs kakaa ukingoni mwa meza, anatafuna mkate mweusi.
Nje theluji inasasisha mapaa ya mtaa mzima,
haimuulizi mtu.

Kijisanduku kimerudi.
Kishale kinatetemeka kati ya vitufe viwili,
labda ni kipanya, labda ni mkono.
Ndiyo au hapana? anauliza Renārs.
Namuuliza leo ni siku gani.
Jumatano.
Stika mia sita za Vizma ni za Ijumaa.
Basi, namwambia, kwanza
futa makombo yako kwenye kibodi yangu.