Andama Akonda

Kioo kilitoka Kampala ndani ya gunia la mchele,
kipana, cheusi, cha mtumba,
nikakichomeka dukani kwangu, nyuma ya soko la Arua.
Kikawaka vizuri.
Ila kila kitu kilinenepa:
herufi zilitanua miguu, muhuri wa parokia ukawa yai.
Nitatengeneza kesho, nikasema,
na kesho ya fundi mnaijua.

Akaja Mama Candia na picha ya mumewe.
Ratiba za mazishi, nakala themanini, za Jumamosi.
Nikaifungua. Akainama
hadi pumzi yake ikaacha ukungu kiooni.
"Huyu si Andama.
Andama alikuwa mwembamba. Kola ya shati
ilimzunguka shingo bila kumgusa.
Nani huyu aliyeshiba hivi?"

Nikamwambia, karatasi itatoka sawa, mama,
ni kioo tu kinachodanganya.
Alinitazama kama mtu aliyekwisha kuambiwa hivyo hospitalini.
"Nitakaa," akasema, akavuta kigoda.

Mfumo wangu ni huria, nilipewa kwenye flashi.
Hauna leseni, hauna ufunguo,
hauna bwana wa kumpigia simu;
milango yake yote iko wazi,
na ukiingia, giza utakalolikuta ni la kwako.
Nikafungua dirisha lile jeusi la amri, nikauliza:
hiki kioo unakionaje?
Ukajibu: sikijui. Hakijataja jina.
Nimekadiria.

Kumbe.
Mgeni asiyejitaja hukalishwa popote.

Nikaandika upana, elfu moja mia nne arobaini.
Nikaandika kimo, mia tisa.
Kosa.
Nikarudia; kistari kimoja kilikuwa kimeniponyoka.
Nikabonyeza,
kukawa giza, moyo ukanishuka hadi kwenye kandambili,
kisha Andama akakonda.

Mashavu yakarudi ndani. Kola ikaiachia shingo.
Mama Candia hakulia.
"Haya. Sasa ndiye,"
akasema, halafu akaomba nimpunguzie bei.

Saa tisa umeme ukakatika.
Uliporudi, marehemu alikuwa amenenepa tena.
Nikacheka, peke yangu, na aibu kidogo:
yale yote niliyoyaandika yalikuwa maneno ya mdomo,
sikuyaweka kwenye faili la kuamkia.

Ndipo nikachomoa kebo, nikaitazama mdomoni.
Meno kumi na tano, safu tatu.
La kumi na mbili limelala ubavu,
na ndilo libebalo jina.
Siku nne nilikuwa nikimlaumu bubu
kumbe kavunjwa jino.

Nikaliinua kwa sindano ya kushonea,
taratibu, ulimi nje kama mtoto anayejifunza kuandika.
Nikachomeka. Nikawasha. Sikuandika neno.
Kioo kikajitaja chenyewe.

Nakala themanini zilikuwa mezani, zimefungwa kwa uzi,
Andama mwembamba kwenye kila moja,
kama nilivyosema tangu mwanzo.