Daftari la Friji

Kabla yangu, kila asubuhi friji ilikuwa na nyuzi nne.
Nne Jumatatu, nne siku ya mvua,
nne hata wiki ile Kadutu nzima ililala gizani
na kule Nyamugo mshumaa ukauzwa bei ya nyama.
Kalamu moja, mwandiko mmoja,
mwezi mzima umeandikwa kwa kikao kimoja.

Leo kipimo kinasema kumi na tatu.
Daktari Murhula ananitazama juu ya miwani:
"Nabintu, wakaguzi wanakuja Alhamisi."

Najua.

Nje, akina mama wamepanda kutoka Kawa,
udongo mwekundu hadi magotini, watoto mgongoni.
Mmoja ananyonya kidole, ananichekea bila jino.

Naandika: kumi na tatu.
Wino unavuja kidogo kwenye tatu.
Kisha natoka kuwaambia warudi wiki ijayo,
chanjo ya leo imekufa.

Wananitukana kwa Kiswahili, wanamalizia kwa Mashi,
wanateremka.
Yule wa mtoto asiye na jino haondoki.
Anafunga upya kitenge, taratibu,
kama mtu anayehesabu.

"Na ile ya mwezi jana," anauliza,
"ilikuwa hai?"