Mifupa Huchoka

Mpiga picha wa kitambulisho aliniambia,
"Dada, tabasamu kidogo."
Nikatabasamu kama bahasha iliyogundishwa.

Kwetu palichimbwa kisima kwa mashine,
maji maangavu, baridi, hayana hata harufu.
Baba aliyasifu mbele ya wageni:
"Haya yametoka chini kabisa,
hayajaguswa na mkono wa mtu."
Kweli, mkono wa mtu haukuyagusa.
Mlima ndio ulioyagusa.
Menengai, uliolala na moto tumboni,
uliyatia floraidi yake taratibu, miaka na miaka,
nasi tukachota.

Tulichemsha. Tulikuwa watiifu.
Mabango ya zahanati yalisema chemsha, tukachemsha
hadi sufuria ikafanya ukoko mweupe.
Lakini floraidi si kijidudu.
Ukiichemsha, maji ndiyo yanayokwenda zake kwa mvuke;
yenyewe inakaa pale pale, ikingoja majani ya chai.

Meno yangu ya ukubwani yaliota na rangi yake,
kikombe kisichosuguliwa.
Niliyasugua kwa jivu, kwa ndimu, kwa chumvi,
nikatema damu kwenye karai.
Huko Kakamega, bwenini, waliniuliza
kama Nakuru hakuuzwi miswaki.
Shangazi Tabutany hakuulizwa kitu.
Magoti yake tu yalikataa kukunjuka,
akawa anasali amesimama.

Sasa nauza maji Kaptembwo.
Kioski kina mifereji miwili:
huu ni wa bomba, shilingi tatu mtungi,
huu ni wa chujio, shilingi kumi.
Ndani ya tangi la chujio mna mifupa,
imechomwa, imesagwa, myeusi kama baruti,
na maji yanapita katikati yake polepole,
yakiacha humo kile ambacho kingeingia kwenye mifupa yetu.

Siku ya kwanza hakuna aliyenunua.
Bi Mwanahawa alitoka Bondeni kwa miguu:
"Mifupa ya nini?"
Ya ng'ombe.
"Amechinjwa na nani?"
Nikafunga kioski, nikaenda machinjioni,
nikarudi na jina la mchinjaji na la baba yake.
Akanusa mtungi. Akaenda zake.
Magharibi ilipokaribia, akarudi na mitungi miwili.

Nafula hakuuliza habari za ng'ombe.
Nafula ana watoto wanne,
na jioni ile alikuwa na shilingi ishirini na mbili.
Alizipanga juu ya ubao, akazipangua, akazipanga.
Minne ya bomba: kupika, kufua, kuoga.
Mmoja wa chujio.
"Huu ni wa hawa wawili wadogo," akasema.
"Wale wakubwa meno yao yalishaota."
Akaongea kama mtu anayegawa viazi.
Nilimwangalia usoni,
naye akaangalia mfereji.

Kila baada ya miezi kadhaa anakuja Kimosop wa maabara
na chupa yake ndogo.
Anadondosha dawa, anatikisa, anaiinua juani,
anasoma rangi.
Mara nyingine anakunja uso:
"Mama Cherop, mifupa imechoka."
Sikujua mifupa huchoka.
Hushiba, anasema, hujaa,
halafu inaanza kuyaachia maji yapite na kila kitu chao.
Inabidi kuitoa yote, kutia mipya.
Siku hizo natundika kibao: LEO HAKUNA CHUJIO.
Wengine wanakasirika. Wengine, naona, wanapumua.

Cherop wangu ameng'oka jino la mbele.
Usiku nammulika kwa simu, "Fungua, mama,"
natafuta ncha kwenye ufizi.
Bado. Nyama nyekundu tu.

Jana, nikiwa nafunga, akaja mkubwa wa Nafula, Wekulo,
miaka kumi na minne, mtungi wa bomba begani.
Alidhani nimegeuka.
Akainama kwenye mfereji wa pili,
akakinga kiganja, akanywa,
akakinga tena.
Kisha akaniona,
akafunika mdomo kwa mkono uliolowa.

Sikumdai.
Nilihesabu tu viganja:
vitatu.