Rafu ya Juu

Tak.
Usiku wa manane, hapa Chikongola,
na hakuna aliyegusa kitu.
Nikawasha tochi ya simu: sahani ya Bi Asumini,
niliyoitoa tanurini juzi, nzima kama yai,
imepasuka katikati kwa mstari
ulionyooka kama wa rula.

Chini nilikuwa nimelaza kioo cha luva za dirisha kuukuu,
juu chupa ya kijani, niliyoikata na kuinyoosha,
kati yao nyaya za shaba nilizopinda zikawa mabibo.
Kioo ni kioo, nilisema.
Kumbe kimoja kikipoa hujikunja zaidi,
kingine hakitaki,
na tayari wameshikana, hakuna wa kumwachia mwenzake.
Siku tatu waligombana kimyakimya kabatini mwangu
nami nikiwapita na kikombe cha chai.

Nikaandika daftarini:
Usifungishe ndoa kabla ya kuuliza ukoo.

Ya pili niliiharibu kwa macho.
Niliinua mfuniko kidogo tu, upana wa kidole,
nione rangi. Ndani nyuzi mia tano,
nje upepo wa Desemba wenye chumvi.
Rangi niliiona, kweli.
Niliuona na ufa, ukitembea bila wasiwasi
kama mpangaji aliyekwisha lipa kodi.

Halafu umeme.
Gesi inatoka Msimbati, hapo tu,
sisi tukazimiwa saa mbili usiku
kioo ndiyo kwanza kinalainika.
Hili silo kosa langu, nilimwambia Fikiri.
Fikiri ana miaka kumi na sita, kazi yake kuosha chupa.
Akasema, bila kuinua kichwa kwenye beseni:
Lakini dada, si hukata kila Alhamisi?

Nikaandika: Alhamisi.

Ya nne na ya tano nazichanganya.
Moja iling'ang'ania kigae cha tanuri
kwa sababu niliibania chokaa.
Moja ilitoka na mtoto wa jicho, ukungu mweupe usofutika;
jasho la vidole vyangu, nadhani,
au maji ya Fikiri.

Ya sita ina tumbo.
Niliharakisha moto, kingo zikaungana mapema,
hewa ikabaki katikati inatafuta mlango,
ikasukuma, ikasukuma, mpaka ikainua bibo moja
likawa kuba dogo la shaba na kijani.
Bi Asumini alikuwa anakaanga korosho uani siku ile.
Huenda moshi wake umo humo,
umefungiwa, haunukii mtu.
Aliigusa kwa kidole cha mwisho, akauliza bei.
Nikamwambia hiyo haiuzwi, hiyo imekosewa.
Akanitazama kama mtu aliyeambiwa mvua imekosewa.

Zote zimo rafu ya juu, kwa mpangilio wa aibu.

Leo Ijumaa. Ya saba imo ndani:
luva na luva, ukoo mmoja.
Nimeupumzisha moto njiani nusu saa, hewa itoke kwa adabu,
na sasa unashuka, mia tano na hamsini,
polepole kama mgonjwa anayejifunza ngazi.

Bado? Bi Asumini anauliza kutoka ukutani.
Bado.
Fikiri anachungulia mfuniko, ananichungulia mimi.

Daftari liko wazi, mstari wa saba mtupu;
kosa lake silijui.
Mikono nimeikalia.