Tatu Nje, Mbili Ndani

Leo tena pampu ya jengo letu hapa Tudor imekufa.
Wauza maji wamepandisha bei kabla ya adhuhuri,
na mlinzi, Mwaruwa, anachota kisimani
maji ya chumvi ya kusafishia vyoo,
akimlaani kila aliyewahi kusomea umeme.

Mimi niko orofa ya tatu, nimevaa glavu,
nina sahani sita za chembe za neva za panya
na kichupa kisichozidi kidole cha mwisho.
Wabaini. Sahani tatu nilizitilia matone,
tatu nikaziacha na maji yao.

Kwenye ukuta wa kila chembe kuna pampu,
nyingi kuliko madirisha ya Mji wa Kale,
na kazi yao ni moja, usiku na mchana:
sodiamu tatu nje, potasiamu mbili ndani,
tatu nje, mbili ndani,
hesabu ya mwanamke mwenye nyumba inayovuja
aliyekataa kuhama.

Wabaini huja ikakaa mlangoni kama mdai.
Haivunji kitu. Haisemi neno.
Pampu inasimama.

Picha zimerudi kutoka Nairobi, nyeusi na kijivu.
Dakta Swafiya anazitandaza mezani.
"Anza na zilizo nzima," anasema, "macho yasizoee ugonjwa."
Nzima: mitokondria nyembamba, mikunjo imebanana
kama nguo kwenye kabati la bibi harusi;
mirija imelala sambamba, reli za stesheni.

Kisha zile nyingine.
Chumvi imeingia, na kama ada yake haikuja peke yake,
maji yameifuata.
Mitokondria zimefura, ndani weupe,
mikunjo imesukumwa ukutani.
Vichochoro vya retikulamu vimepanuka vikawa madimbwi.
Kalisi imepanda; mirija haiipendi, imekatika vipande.
Kiini tu kingali katikati,
mwenye nyumba anayejifanya hajasikia.

Guhad, anayetuletea barafu, alisoma kibandiko akacheka:
"Hili neno letu. Waabaayo. Mti wa mishale."
Nikamwuliza mti upi. Akaueleza: majani magumu,
maua meupe yenye harufu, tunda la zambarau.
Nikaweka kalamu chini.
Kwetu Kaloleni twauita mutsungu.

Mjomba Nzai aliuchemsha kutwa nyuma ya zizi
mpaka ukawa mweusi, mzito kama lami,
akitukataza watoto hata moshi wake.
Kwa mshale mmoja alifungwa miaka minne Shimo la Tewa.
Ndovu, alisema hakimu. Njaa, alisema mama.
Hakuna aliyetaja pampu.

Sasa moyo wake umechoka. Kila asubuhi
namkatia nusu kidonge, kidogo kuliko punje ya mtama,
cha ukoo uleule, binamu wa mutsungu,
kinachoziba mlango uleule,
ila kidogo, kidogo tu, ili moyo ukaze ngumi.
Aliniuliza ni dawa gani. Nikasema, ya moyo.
Nimemwambia ukweli, na sijamwambia.

Sahani moja kati ya zile tatu niliiosha.
Nilimwaga wabaini, nikatia maji safi mara tatu,
nikakaa saa mbili nikisikiliza feni.
Picha yake ilikuwa chini ya zote:
mitokondria zimeanza kukonda, si zote;
mirija miwili mitatu imeungana;
madimbwi bado yapo.
Dakta ameandika pembeni kwa penseli, "Inarudi?"
na alama ya kuuliza ameikoleza mara mbili.

Huko chini kitu kimekohoa, kikanguruma.
Mwaruwa anapiga ukelele: fungueni mifereji!
Navua glavu. Nafungua.
Hewa kwanza, kisha kutu,
halafu maji. Nayaonja kwa ncha ya ulimi.
Chumvi kidogo.